Diski mbili kwenye kisanduku kimoja: je, hiyo ni bekapu?

SWALI: Fundi, nina duka la dawa Kondele, Kisumu. Kompyuta moja ndiyo inabeba programu ya mauzo na rekodi za wateja, jumla kama GB 40. Nimeletewa kwotesheni ya NAS yenye diski mbili za RAID 1, pamoja na nakala kamili kila Jumapili na nakala nyongeza siku nyingine. Muuzaji anasema nikiwa na RAID sihitaji diski ya nje. Ni kweli? Na hizo nakala zinatofautianaje?

JIBU: Si kweli, na hapo ndipo wengi huumia.

NAS ni kisanduku cha diski kinachochomekwa kwenye rauta, ili kompyuta zote za dukani zihifadhi faili pale. RAID 1 ni mpangilio wa diski zilizo ndani: kinachoandikwa kwenye ya kwanza huandikwa kwenye ya pili papo hapo. Moja ikifa, duka linaendelea kuuza. Unaweka nyingine mpya, kisanduku kinaijaza chenyewe. Kazi yake inaishia hapo. Mhudumu akifuta stoki ya mwezi mzima kwa bahati mbaya, imefutika kwenye diski zote mbili. Programu hasidi ya kudai fidia ikifunga faili, imefunga kotekote. Na radi ikipitia waya wa stima, inaweza kuunguza kisanduku na vyote vilivyomo. Bekapu ni nakala ya jana iliyowekwa kando, mahali ambapo makosa ya leo hayaifikii.

Sasa hizo nakala. Tuseme kila siku GB 1 hubadilika. Nakala kamili ya Jumapili hubeba GB 40 zote. Nakala nyongeza hubeba kilichobadilika tangu nakala iliyotangulia tu, yaani GB 1 kila usiku, hivyo wiki nzima inachukua GB 46. Ubaya wake huonekana siku ya kurejesha. Kompyuta ikifa Ijumaa asubuhi, unahitaji ya Jumapili, kisha ya Jumatatu, Jumanne, Jumatano na Alhamisi, kwa mfuatano. Ya Jumanne ikiwa imeharibika, unaishia Jumatatu usiku.

Kuna aina ya tatu ambayo hukuandikiwa, nakala ya tofauti: kila usiku hubeba yote yaliyobadilika tangu Jumapili, GB 1, kisha 2, hadi 6 Jumamosi. Wiki inakula GB 61, lakini kurejesha kunahitaji vipande viwili tu. Kwa duka la ukubwa wako ningechagua hii. Nafasi ya diski ni rahisi kuliko siku nzima bila kuuza.

Nunua diski mbili za nje za TB 1 (Windows itaonyesha kama GB 931, hujaibiwa, ni namna tu ya kuhesabu). Moja ikae dukani, nyingine nyumbani, uzibadilishane kila Jumatatu. Ikishamaliza kunakili, ichomoe; diski inayoshinda imechomekwa hufungwa na virusi pamoja na kompyuta. Zote mbili zifungwe kwa nywila, maana Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti. Ukitaka pia kupeleka mtandaoni, jua kwamba kwa kasi ya kupakia ya Mbps 5 (megabiti 5 kwa sekunde), GB 40 za kwanza zitachukua karibu saa 18. Kila GB 1 ya mabadiliko baada ya hapo ni kama nusu saa.

Makosa mawili huharibu kazi hii kimyakimya. La kwanza ni kunakili folda ya hifadhidata (mahali programu inapoweka rekodi zake) huku programu ya mauzo iko wazi: ama faili inakataa, ama inanakilika nusu mpya nusu ya zamani na haifunguki tena. Tumia kitufe cha bekapu kilichomo ndani ya programu yenyewe, kisha nakili faili inayotoka. La pili ni FAT32, mfumo wa kupanga faili ambao fleshi nyingi huja nao. Haupokei faili moja ya GB 4 au zaidi, hata nafasi iwe tele. Fomati diski, yaani iandae upya, kwa NTFS, mfumo usio na kikomo hicho, kabla hujaweka chochote, kwani kufomati hufuta yote.

Mara moja kwa mwezi, rejesha nakala kwenye kompyuta nyingine, si juu ya ile unayouzia. Fungua programu, tafuta risiti ya mwisho ya siku nakala ilipochukuliwa, ulinganishe na karatasi iliyobaki dukani.