Shingo ya Stone Cold: miaka iliyopotea inahesabiwaje?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi na shemeji yangu tunabishana kila tukikutana kuhusu mieleka. Yeye anasema Stone Cold Steve Austin asingeumia shingo mwaka 1997 angekuwa mkubwa mara mbili ya alivyokuwa. Mimi nasema aliyepoteza zaidi ni Shawn Michaels, maana mgongo ulimweka nje miaka minne. Kitaalamu, ni nini kilitokea kwenye shingo ile? Mtu anaunganishwaje mifupa ya shingo halafu anarudi ulingoni? Na hiyo miaka iliyopotea tuihesabu vipi? Mwisho, mwanangu wa miaka 11 anaigiza mieleka na wenzake juu ya godoro. Nimkataze? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Marahaba. Kwanza nivue hicho kilemba cha ukoka: mimi si daktari, ni mtaalamu wa fiziotherapia, na shingo na migongo ndiyo kazi yangu ya kila siku. Mieleka naipenda tangu utotoni, kwa hiyo kwenye sehemu ya pili ya swali lako usitegemee nisiwe na upande.

Tuanze na usiku wenyewe. Ni tarehe 3 Agosti 1997, kwenye onyesho la mieleka liitwalo SummerSlam, New Jersey, Marekani. Mpinzani wake, Owen Hart, anambeba Austin kichwa chini miguu juu, kisha anashuka naye. Itafute video uitazame taratibu. Angalia kichwa cha Austin kilipo kabla hawajashuka: kinaning'inia chini ya mapaja ya Owen. Owen angepiga magoti, pengine pangebaki nafasi kidogo. Alikaa kitako, na kichwa cha Austin kikafika sakafuni cha kwanza, kikiwa kimebeba uzito wa mwili wake wote. Watu husema mieleka ni maigizo. Ni kweli mshindi anajulikana kabla ya kengele kugongwa, ila mtu wa kilo mia na zaidi akishukia utosi, shingo haijui kama ni maigizo.

Baada ya hapo Austin amelala, mikono na miguu haimtii. Owen anazunguka ulingoni akiwakejeli mashabiki ili kumpa mwenzake muda. Hatimaye Austin anajikokota, anamvuta Owen kwa nyuma na kumlaza kwa nguvu ambazo hata mtoto angezishinda, Owen anakubali kulala, mwamuzi anahesabu tatu. Mkanda wa ubingwa waliokuwa wanaugombea ukapatikana hivyo. Mimi nikiiangalia video ile simwoni bingwa, namwona mgonjwa aliyeanguka kutoka juu ya mnazi halafu watu wakamwinua na kumwambia ajaribu kutembea.

Kitaalamu ni hivi. Shingo ina pingili saba, na katikati yake unapita mfereji uliobeba ugwe mgongo, ule mkanda wa neva unaopeleka amri za ubongo mikononi na miguuni. Kwa mtu mzima mfereji huo huwa na upana wa kama milimita 17. Ukishuka chini ya milimita 13 tunasema umebana. Shingo ikikandamizwa kutoka juu, mfereji mpana una nafasi ya kusamehe, mwembamba hauna. Ugwe ukigongwa bila kukatika, mtu anapooza kwa sekunde, dakika, au hata siku moja au mbili, kisha nguvu zinarudi. Ndiyo maana Austin aliweza kutolewa ulingoni akijikongoja. Watu wengi hudhani hatari iko kwenye kuvunjika mfupa. Nimeona shingo zilizovunjika zikapona bila ganzi hata kwenye kidole kimoja, na nimeona shingo isiyo na ufa wowote kwenye picha ikamwacha mtu kwenye kiti cha magurudumu. Ukipewa majibu ya MRI, ile picha ya ndani ya mwili, uliza upana wa mfereji kabla hujauliza habari za mfupa.

Kuhusu kuunganisha: mpasuaji huingilia mbele ya shingo, anasogeza koo pembeni, anatoa diski iliyochoka pamoja na vimiba vya mfupa vinavyougusa ugwe, halafu anaweka kipande cha mfupa na mara nyingi bamba dogo la chuma lenye skrubu. Baada ya miezi kadhaa pingili mbili zinakuwa kitu kimoja. Austin alifanyiwa hivyo San Antonio, Texas, Januari 2000. Mwanamieleka mwenzake, Edge, alifanyiwa mwaka 2003. Shida ni kwamba kiungo kilichofungwa hakipindi tena, kwa hiyo kazi yake wanaibeba jirani wa juu na wa chini. Ukiunganishwa ngazi moja, yaani pingili mbili, wapasuaji wengi watakubali urudi kwenye mchezo wa kugongana. Zikifika tatu, karibu wote watakataa. Edge alirudi ulingoni 2004, akapigana miaka saba, na Aprili 2011 akalazimika kuuvua mkanda wa dunia akiwa na miaka 37 kwa sababu mfereji ulikuwa umebana tena. Aliporudi tena ulingoni, kwenye onyesho la Royal Rumble la Januari 2020, Houston, alikuwa na miaka 46.

Sasa ubishi wenu. Kosa la shemeji yako ni kulichukulia jeraha kama hesabu ya kutoa: chukua ukubwa wa mtu, toa miaka, kinachobaki ndicho alichonacho. Kwa Austin hesabu hiyo haikubali. Rudi nyuma hadi 1994, akiitwa Stunning Steve kule WCW, kampuni ya mieleka ya wakati huo, umtazame akipigana na Ricky Steamboat. Huyo ni fundi wa mikamato, anaviringika, anabebwa, anaanguka kwa mgongo dakika ishirini bila kuchoka. (Steamboat mwenyewe aliumia mgongo katika pambano lao la Agosti mwaka ule na akastaafu.) Mwaka 1995 WCW wakamfuta kazi akiuguza msuli wa nyuma ya mkono. ECW, kampuni nyingine ya mieleka, wakamchukua hivyo hivyo, na kwa kuwa mkono haukuruhusu kupigana, wakampa maikrofoni. Pale ndipo mdomo tunaoujua ulipozaliwa.

Halafu ikaja shingo, nayo ikambadilisha miguu na mikono. Angalia mapambano yake ya 1998: anapiga ngumi, anamkanyagakanyaga mpinzani aliyekaa kwenye kona, wanatoka nje wanapigania kwenye ngazi za ukumbi. Silaha yake ya kumalizia, Stunner, inamtaka akae chini tu, kidevu cha mwenzake kigonge bega lake. Mshindo unaingia kwenye makalio, kichwa hakigusi kitu. Alikuwa anailinda shingo huku ukumbi mzima ukidhani ni hasira. Yule mlevi wa bia anayemwaga ngumi hadi nje ya ulingo, ambaye shemeji yako anamwona kama Austin aliyepunguzwa, kwa sehemu kubwa ni kazi ya jeraha. Bila lile tukio la 1997 huenda tungebaki na fundi mzuri sana, mmoja kati ya wengi.

Hasara ipo, ila iko upande wa pili, kwenye urefu. Alitwaa mkanda wa dunia kwenye onyesho la WrestleMania XIV tarehe 29 Machi 1998, akapigana la mwisho na The Rock tarehe 30 Machi 2003. Miaka mitano na siku moja. Ondoa karibu mwaka mzima wa upasuaji na ile miezi ya 2002 alipoondoka kwa hasira, unabaki na takriban miezi arobaini. Sifa zote zile ni za miezi arobaini. (Lile pambano la 2022 na Kevin Owens, akiwa na miaka 57, mimi naliita zawadi kwa mashabiki, sihesabu.)

Wewe nawe una kosa lako. Kumbuka Austin alimpokonya mkanda ule Shawn Michaels huyo huyo, aliyekuwa amejigonga mgongo kwenye ukingo wa jeneza miezi miwili kabla, Januari 1998, akipigana na Undertaker. Usiku ule ulingo ulikuwa na shingo mbovu upande mmoja na mgongo mbovu upande wa pili. Michaels aliondoka na miaka 32, akarudi 2002 na miaka 37, na akaendelea hadi Machi 2010 alipostaafishwa na Undertaker. Alipoteza minne akapata karibu minane, na mapambano mengi wanayoyataja wapenzi wake ni ya hiyo minane. Mwili ulipumzika katika kipindi ambacho wenzake walikuwa wakiusaga wa kwao. Huyo kumwita aliyepoteza zaidi, hapana.

Ukitaka aliyepoteza kweli, mtafute mwanamieleka aliyeitwa Magnum T.A. Ajali ya gari, tarehe 14 Oktoba 1986, Charlotte, shingo, akiwa na miaka 27 na wengi wakimtazamia kuwa bingwa wa NWA, muungano wa mieleka wa Marekani. Hakupigana tena. Yeye hana miezi arobaini ya kuonyesha, ndiyo maana nina hakika shemeji yako hajawahi kulitaja jina lake.

Kuhusu mtoto: godoro halisaidii kitu kichwa kikitangulia, wakati mwingine linazidisha, maana kichwa kinazama na kukwama huku mwili ukiendelea kushuka. Mwache aviringike na wenzake, ila kubebana kichwa chini kataza kabisa, na umweleze kwa nini kwa kumwonyesha video ya Owen. Ikitokea ameangukia shingo na anasema mikono inawaka au ina ganzi, hata kama imeisha baada ya dakika moja, usimwinue wala usimnyooshe shingo. Mwache alale alipo, shika kichwa pande zote mbili kisigeuke, na atafutwe mtu wa gari. Abebwe juu ya kitu kigumu, mlango wa kabati unafaa. Pikipiki hapana.