Kabla ya Kutia Sahihi, Itazame Ratiba ya Ugenini

Binti mmoja anayecheza voliboli shule ya upili magharibi mwa Kenya ameniandikia. Chuo cha Pwani ya Magharibi ya Marekani kimemwahidi ufadhili kamili, naye anauliza kama habari hizi za vyuo kuhamia ligi za mbali zinamhusu. Mdogo wangu, zinakuhusu kuliko wenzako wote utakaowakuta kwenye timu.

Nilikuwa naanza mwaka wa nne chuo chetu kilipoiacha Pac-12, ligi ya vyuo vya magharibi, na kuingia Big Ten, ligi inayofika hadi pwani ya mashariki, Agosti 2024. Wapinzani wetu wa zamani, hata Arizona na Colorado, saa zao hazikutangulia zetu kwa zaidi ya saa moja. Sasa tukawa tunawafuata Rutgers kule New Jersey, na Maryland, saa tatu mbele yetu. Aliyetuhamisha ni televisheni: Big Ten ilisaini mkataba wa zaidi ya dola bilioni 7 kwa miaka 7, na pesa hizo zinafuata futiboli ya Kimarekani. Wachezaji wa futiboli hucheza mara moja kwa wiki, kwa kawaida Jumamosi. Sisi wa voliboli tulikuwa na mechi 20 za ligi, mara nyingi mbili kwa wiki, na masomo yakiendelea.

Hapo ndipo wewe wa viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni, unapobanwa. Wenzangu Wamarekani walihamishia masomo yao mtandaoni wakasomea hotelini. Sisi wageni sheria inaturuhusu kuhesabu somo moja tu la mtandaoni kwa muhula katika idadi ya masomo tunayolazimika kuchukua. Nilikuwa nasoma baiokemia, na maabara haisomewi kwenye ndege. Ofisi iliyopaswa kunitetea ikanishauri nihamie kozi nyepesi. Nilikataa, na shahada yangu ni ya baiokemia, lakini maneno yale bado yananiuma.

Wala usidanganywe na ile kanuni ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, ya saa 20 za michezo kwa wiki. Muda wa safari hauhesabiwi humo.

Lakini sitakuficha uzuri wake. Nimesimama ng'ambo ya wavu na Nebraska, timu iliyokusanya watazamaji 92,003 kwenye uwanja wa futiboli Agosti 2023, kwa ajili ya voliboli ya wanawake! Nimecheza na Penn State msimu uleule waliotwaa ubingwa wa taifa. Hakuna mazoezi yanayokufundisha kama kupokea sevu za watu hao. Na waliobaki nyuma hawakusalimika: Oregon State na Washington State waliachwa wawili peke yao katika ligi iliyokuwa na vyuo 12.

Kwa hiyo nenda, ila nenda ukijua. Usikubali kupumbazwa na picha za jezi na viatu vipya. Muulize kocha ni siku ngapi za darasa wachezaji walikosa msimu uliopita. Kama unataka sayansi au uuguzi, uliza maabara iliyokoswa hufidiwa vipi, na uombe jibu kwa maandishi. Uliza, usione haya. Wao wamekuchunguza wewe hadi urefu wa mkono wako. Kocha akikwambia ratiba mpya haijatoka, ya msimu uliopita iko kwenye tovuti ya timu. Ifungue leo, pamoja na ramani.