Shangazi, mume wangu ana miaka 36 na bado anapigana kwenye televisheni!

*Shikamoo shangazi. Naishi Section 58, Nakuru, nimeolewa miaka tisa. Mume wangu hanywi wala halali nje, lakini kila usiku watoto wakishalala anawasha PS, ile mashine ya gemu, na kucheza Tekken au Mortal Kombat na mdogo wake hadi saa sita. Ingekuwa gemu ya kandanda ningeelewa, lakini hii ya kupasuana ni ushetani. Kifungua mimba wetu wa miaka sita amempiga mwenzake teke shuleni. Juzi nilificha padi ya kuchezea gemu ndani ya debe la unga. Aliipata, akaipangusa, akaendelea kucheza bila kunisemesha. Zamani tulicheza pamoja na nilikuwa namchapa, lakini hayo yamepita. Jumamosi nikitoka kusukwa nataka kuiuza hiyo PS.*

Marahaba mwanangu. Pole kwa kulala peke yako na taa ya sebuleni inawaka. Pole imeisha, sasa tuzungumze.

Usiuze kitu cha mtu. Mwanamume aliyetoa padi kwenye unga, akaipangusa na kunyamaza, ana subira kuliko wewe. Wangu angemwaga debe lote.

Halafu umeteleza ulimi: "nilikuwa namchapa." Naijua Tekken 3 ya mwaka 1997, wanangu waliicheza hadi televisheni yangu ikachoka. Wasiojua kucheza wote walimchagua Eddy Gordo, yule Mbrazili wa capoeira, wakabonyeza vitufe vya mateke ovyo ovyo na kushinda. Nahisi mumeo alikwambia huko ni kubahatisha, ukanuna, ukaweka padi chini. Sasa shemeji amekalia nafasi yako na roho inakuuma. Ushetani umetoka wapi hapo?

Tena unaishi mji wa Philip Waruinge, bondia aliyetuletea medali ya shaba kutoka Olimpiki ya Mexico 1968 na ya fedha kutoka Munich 1972. Ngumi za kweli tulizishangilia, za katuni ndizo zikutie kichefuchefu? Ladha hazifanani. Mimi hiyo gemu ya kandanda unayoisifu siioni utamu, watu wazima wakimfokea refa asiyekuwepo.

Kwa Mortal Kombat nakupa nusu. Tangu ile ya kwanza ya 1992 mtu anang'olewa kichwa na uti wa mgongo ukining'inia. Wamarekani wenyewe walishtuka, na 1994 ikaundwa bodi ya kupanga gemu kwa umri. Hizo wakaziwekea miaka 17 kwenda juu. Si za mtoto wa miaka sita. Lakini umeandika mwenyewe kwamba baba anacheza watoto wakishalala. Basi mtoto aliona wapi? Jumamosi ukisukwa saa tatu nzima, unamwacha na nani? Nazijua saluni zetu: mlango wa pili ni kibanda cha PS, na shilingi ishirini humnyamazisha mtoto vizuri sana. Anza kuchunguza hapo kabla hujamshtaki baba yake.

Wake wa siku hizi mnanichosha. Akitoka, mnalia hatulii nyumbani. Akitulia, mnalia anajaza sebule. Mnataka mume au kalenda ya ukutani?

Leo shemeji aende kwake saa tatu. Kaa kwenye kile kiti, mchague Eddy, na usimwonee mumeo huruma. Na ule unga uuchekeche kabla hujawasongea watu ugali.