Dispepsia na vidonda vya tumbo: majibu kwa wasomaji

Daktari ameandika kwamba nina dispepsia. Huo ni ugonjwa gani?

Dispepsia ni jina la kundi la dalili, si la ugonjwa mmoja: maumivu au hali ya kuungua kwenye chembe ya moyo, tumbo kujaa isivyo kawaida baada ya kula, au kushiba baada ya matonge machache tu. Asili ya neno ni Kigiriki, kwa maana ya mmeng'enyo mgumu wa chakula. 

Basi nina vidonda vya tumbo?

Si lazima. Desturi ya kuita kila maumivu ya tumbo vidonda inawaumiza watu wengi, kwa kuwa wanameza dawa miaka nenda rudi bila kupimwa, ilhali wengi wenye dispepsia wakichunguzwa kwa kamera ndogo inayopitishwa mdomoni hadi tumboni hawakutwi na kidonda chochote. Kidonda kikiwapo, mara nyingi chanzo chake ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori au dawa za maumivu kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki. Zamani lawama kubwa ilikuwa juu ya mawazo na tindikali ya tumboni, mpaka Barry Marshall na Robin Warren, waliokuwa wakifanya kazi Perth, Australia, walipomtambua bakteria huyo. Mwaka 1984 Marshall alimnywa ili kuthibitisha kwamba anadhuru tumbo, na mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel.

Nimemaliza dozi, lakini kipimo cha damu bado kinaonyesha bakteria. Nirudie dawa?

Usirudie kwa kipimo hicho peke yake. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili, yaani chembe za kinga ambazo mwili hutengeneza kupambana na bakteria, ambazo huweza kubaki mwilini muda mrefu baada ya bakteria kufa. Omba kipimo cha choo au cha pumzi, angalau wiki 4 baada ya kumaliza antibiotiki, na kwa ushauri wa daktari uwe umeacha omeprazoli, dawa ya kupunguza tindikali, kwa wiki 2, la sivyo majibu yanaweza kukudanganya.

Ni lini nisitosheke na dawa ya dukani?

Ukitapika damu au ukipata choo cheusi kama lami, nenda hospitali saa hiyohiyo. Ukikonda bila sababu, chakula kikikwama unapomeza, au ukiambiwa umepungukiwa damu, muone daktari bila kuchelewa, hata kama omeprazoli inakutuliza.