Hakuna Jumatano: kwa wanaoanza kazi ya upasuaji wa mionzi wa ubongo

Vijana wenzangu mnaoingia kitengo hiki, iwe kwa fizikia tiba au kwa uteknolojia wa mionzi, wengi wenu mnatoka kwenye tibamionzi ya kawaida. Huko mgonjwa huja kila siku ya kazi, akapewa kama grei 2 (grei ni kizio cha dozi ya mionzi), akaenda zake, kesho akarudi, mpaka wiki kadhaa zikatike. Jumanne ukiteleza kidogo, Jumatano unarekebisha. Huku hakuna Jumatano. Uvimbe mdogo uliofika kwenye ubongo kutoka saratani ya mapafu au ya titi, wenye upana usiozidi sentimita 2, unaweza kupewa hadi grei 24 kwa mkupuo mmoja. Mgonjwa akishatoka mezani, kilichofanyika kimefanyika.

Neno "upasuaji" lisiwababaishe, kisu hakipo. Jina hilo lilianza mwaka 1951 kwa Lars Leksell, daktari wa upasuaji wa ubongo wa Sweden, aliyetaka kufika ndani kabisa ya ubongo bila kufungua fuvu. Mashine ya kwanza ya Gamma Knife, aliyoibuni pamoja na mwanafizikia Börje Larsson, ilianza kazi Stockholm miaka ya mwisho ya sitini ikiwa na vyanzo 179 vya mionzi ya kobalti-60, vyote vimeelekezwa nukta moja. Kila mwale peke yake ni dhaifu na unapita bila madhara makubwa. Inapokutana, hapo ndipo nguvu ilipo. Sisi wengine tunaifanya kazi hiyo hiyo kwa linaki, mashine ya umeme ya kutoa mionzi, inayozunguka kichwa, mionzi ikipita kwenye koni, yaani vibomba vya kuubana mwale, za milimita chache.

Na hizo milimita chache ndizo zitakazokutoa jasho kabla hujamwona mgonjwa hata mmoja. Ukipima mwale mpana, karibu kipimo chochote cha kawaida kitakupa namba ya kuaminika. Ukipima mwale wa milimita 6 kwa chemba ya ayoni, kile kipima mionzi cha kawaida, iliyo kubwa kuliko mwale wenyewe, sehemu ya chemba inabaki kivulini, na namba inayotoka ni ndogo kuliko ukweli. Kompyuta ya kupanga tiba inaamini mashine ni dhaifu, inaongeza muda wa mionzi, na mgonjwa anapata zaidi ya alichoandikiwa. Jambo hili limewahi kutokea. Huko Toulouse, Ufaransa, kati ya Aprili 2006 na Aprili 2007, wagonjwa 145 walipewa dozi kupita kiasi kwa sababu miale midogo ilipimwa kwa kifaa kisichofaa wakati mashine inaandaliwa. Jiulizeni ni kwa nini haikuonekana mwaka mzima. Kila siku mashine ilifanya sawasawa na ilivyoagizwa, kumbe agizo lenyewe lilijengwa juu ya namba mbovu.

Kwa hiyo pimeni kwa vitu viwili visivyofanana, kwa mfano diodi (kipima mionzi kidogo sana) na filamu, halafu muombe mwenzenu ambaye hajaona majibu yenu apime upya. Mwongozo wa kupima miale midogo, TRS-483, wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, uliotoka 2017, usomeni mkiwa na penseli mkononi. Nilipokuwa mwanafunzi India, mwalimu wangu alinipimisha koni moja siku nne mfululizo. Nilinung'unika moyoni. Siku ya tatu nikagundua diodi yangu ilikuwa imekaa pembeni ya katikati kwa kama milimita moja tu, na namba zangu za siku mbili za mwanzo zilikuwa za chini zote. Siku ya nne nilipima kimya.

Kila asubuhi kabla ya mgonjwa kuna gololi. Ni kitufe kidogo cha tungsten tunachokiweka pale miale yote inapokutana, kisha tunapiga picha mashine na meza zikiwa kwenye pembe mbalimbali. Kwenye picha utaona duara jeupe la koni na ndani yake kivuli cha gololi, kama mboni ndani ya jicho. Kivuli kikae katikati. Kikiegemea upande kwa zaidi ya milimita 1, kazi inasimama, hata kama familia tatu zinasubiri nje. Usisogeze meza kidogo ili picha ipendeze. Tafuta kilichohama.

Sasa mgonjwa. Hapa nawaomba mnisikilize zaidi.

Tulipokea mama mmoja mtu mzima kutoka Kilifi, mwenye maumivu ya neva ya trijemino, ile inayoleta hisia za uso. Aliingia ameshika ncha ya leso mbali kidogo na uso, kujikinga na hewa. Nilikuwa na fomu ya rufaa iliyoandikwa "kushoto". Nikamwamkia, akaitikia kwa sauti ya chini, midomo haifunguki vizuri.

"Mama, maumivu yako upande gani?"

Hakugusa shavu. Alinyoosha kidole kikaelea hewani kando ya shavu la kulia, kama mtu anayeonyesha kaa la moto. "Hapa, mwanangu. Hata upepo wa panka waniumiza."

Kulia. Fomu inasema kushoto. Nilimpigia daktari wa upasuaji wa ubongo, akaja, akamuuliza upya, akamuuliza na binti yake. Tukachora alama kwenye paji la uso upande wa kulia, maana shavu lisingeguswa, na fremu ya kushikilia kichwa haikufungwa mpaka faili lote liliporekebishwa.

Uvimbe mara nyingi hujionyesha wenyewe kwenye picha ya MRI, na ukielekea upande usio sahihi kuna mtu atashtuka. Neva ya trijemino haikupi nafasi hiyo. Ya kulia na ya kushoto huonekana kwenye picha karibu sawa, na unayoilenga, kwa mwale wa milimita 4 na dozi ya kilele ya kama grei 80, inaweza kuonekana nzima kabisa. Anayejua upande ni mwenye maumivu. Muulizeni kabla ya dawa ya kutuliza.

Fremu hufungwa kwa pini nne baada ya ganzi. Sindano ya ganzi ndiyo inayochoma, kisha hubaki mgandamizo. Mwambieni hivyo mapema, na mpelekeni msalani kwanza. Fremu ikiteleza hata kidogo, mnaanza upya na picha mpya. MRI nayo iwe ya karibuni sana, kwa sababu vimbe za saratani hukua. Neva za macho ziangalieni kwa jicho kali: zaidi ya grei 8 hadi 10 kwa mkupuo mmoja, tunaanza kuchezea uwezo wa mtu kuona.

Halafu kuna yanayofuata, ambayo sisi wa mashine hupenda kuwaachia wengine. Fundo la mishipa ya damu ambalo mtu amezaliwa nalo huchukua miaka 2 hadi 3 kuziba, na muda wote huo laweza kuvuja damu. Uvimbe wa neva ya sikio unaweza kuvimba kwanza ndipo usinyae, na familia ikiona picha ya miezi sita hudhani tiba imeshindwa.

Binti wa yule mama alipiga simu siku ya tatu analia: mbona bado anaumwa? Tulikuwa tumesema kwamba nafuu ya mionzi huja baada ya wiki, wakati mwingine miezi, na kwamba dawa ya karbamazepini isikatizwe. Tulisema kwa haraka, mlangoni, mama akiwa amechoka na binti akitafuta gari. Dawa ilikuwa imeachwa. Siku hizi nasema mara mbili, mara ya pili wakiwa wamekaa, nikimtazama yule atakayeishi naye nyumbani, na simwachi aondoke mpaka anirudishie maneno hayo kwa kinywa chake.