Kaambiwa aache mashine ili aonyeshe imani

SWALI

Shikamoo Mama. Naishi Morogoro, nina watoto wawili. Mume wangu figo zote mbili zimefeli tangu mwaka jana, tunaenda kusafisha damu mara tatu kwa wiki, kila tukienda ni masaa manne yuko kwenye mashine na mimi niko nje kwenye benchi. Mdogo wake amejitolea kumpa figo ila vipimo bado, hatujui kama zitaendana. Nimefunga, nimeomba maneno yale yale mpaka nimechoka. Juzi kuna mtumishi kaja nyumbani akamwambia aache mashine aonyeshe imani, eti kama Mungu ana kusudi naye hawezi kumwacha afe. Mume wangu kaanza kuyumba, Jumatano nusura asiende. Naamini Mungu ana kusudi Mama, ila nikijiuliza hii safari inaishia wapi sipati jibu, na naogopa isije ikawa hofu yangu ndo inamzuia asipone. Nifanyeje?

Mama wa wawili, Morogoro

JIBU

Marahaba mwanangu. Naanza na la mashine kwa sababu haliwezi kusubiri. Asiache. Figo zikishafeli maji na uchafu havina pa kutokea, potasiamu inapanda kwenye damu na moyo unaweza kusimama ghafla, mtu umekula naye chakula cha jioni vizuri tu. Akikosa hata zamu moja piga simu kwa manesi wa kitengo siku hiyo hiyo, na ndizi, parachichi na madafu asiguse mpaka mtu wa lishe amwambie kiasi gani. Huyo mtumishi atakuwa amelala kwake saa nane usiku wakati wewe unahangaika na mtu anayeshindwa kupumua.

Halafu hilo la kusema Mungu akiwa na kusudi na mtu basi lazima amponye, mimi nalikataa kabisa, na silikatai kwa kukosa imani. Paulo alikuwa na rafiki anaitwa Trofimo. Paulo huyu huyu ambaye leso zilizogusa mwili wake zilikuwa zinapelekwa kwa wagonjwa na wanapona, anamwandikia Timotheo kwamba Trofimo amemwacha Mileto hawezi, yaani mgonjwa. Basi. Hatuambiwi alipona au hakupona. Sasa nani atasema pale imani ilipungua?

Soma na mwisho wa Matendo ya Mitume, sura ya 28. Paulo alishakaa kifungoni Kaisaria miaka miwili, liwali Feliki anamwita mara kwa mara akitegemea apewe hela, mwisho akakata rufaa kwa Kaisari, njiani meli ikavunjika, wote 276 wakaokoka, akafika Roma, na wewe msomaji unasubiri hukumu. Luka haandiki hukumu! Anasema tu alikaa miaka miwili mizima kwenye nyumba ya kupanga, anapokea kila aliyekuja, anafundisha, na kitabu kinaishia hapo. Nilikuwa naona kama kuna ukurasa umechanika. Mwaka ule mwanangu wa pili amelazwa wiki saba ndo nikaelewa kwamba watu wa Mungu huwa wanaishi hivyo hivyo, kesi iko mezani, jibu halijatoka, na mlango wako bado unagongwa na watu wanaohitaji kitu. Mwanangu hakupona. Sikwambii ili nikutishe, nakwambia kwa sababu hutaki kusikia haya kutoka kwa mtu ambaye hajawahi kukaa kwenye hilo benchi. Kusudi la Mungu kwa yule mtoto sijalijua lote mpaka leo, ila zile wiki saba Mungu hakutoka wodini, hilo nalijua.

Na hofu yako mwanangu haimzuii mumeo kupona. Yesu pale Gethsemane alihuzunika mpaka akawaambia wenzake roho yake ina huzuni kiasi cha kufa, akaomba kikombe kimwepuke, akarudi akaomba tena, na mara ya tatu Mathayo anasema aliomba maneno yale yale. Yale yale kama yako. Kwa hiyo ukichoka kutafuta maneno mapya usitafute.

Mdogo wake umshukuru lakini msimbane, akiogopa katikati ya vipimo ana haki ya kusema hapana, na aambiwe hivyo mapema, asije akalazimika kwa aibu ya ukoo. Zikiendana, upandikizaji unafanyika hapa hapa nchini, Muhimbili walianza Novemba 2017 na Benjamin Mkapa pale Dodoma mwaka 2018, ulizeni kwa daktari wenu utaratibu wa rufaa, na ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini pitieni mapema kuhusu gharama, msisubiri mpaka mmeuza kiwanja.

Mumeo umwambie habari ya Trofimo wewe mwenyewe, taratibu, asikie kwa sauti ya mkewe. Zamu inayokuja mpeleke. Na kwenye benchi pale nje kuna mama mwingine ambaye wiki hii ndo ya kwanza kwake, hajui hata choo kiko wapi, mwonyeshe. Vipimo vikitoka niandikie, na visipotoka niandikie vilevile.