Mama hayumo kwenye orodha ya TASAF

SWALI: Mama yangu ni mjane, analea wajukuu watatu. Hayumo kwenye orodha ya kaya maskini zinazopewa ruzuku na TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii), ila jirani mwenye nyumba ya bati yumo. Watu huchaguliwaje? – Msomaji, Urambo, Tabora

JIBU: Pole, ndugu. Kwanza mkutano wa kijiji hutaja kaya zenye hali duni. Kisha dodoso hujazwa: idadi ya watu, paa, sakafu, mifugo. Mwisho majina hurudi mkutanoni kuthibitishwa. Kasoro nyingi huzaliwa kwenye dodoso. Linakadiria maisha kwa vitu vinavyoonekana, na vijijini tofauti kati ya maskini na maskini zaidi ni ndogo mno; bati alilolipaua marehemu enzi zake linaweza kumwangusha mjane wa leo. Halafu orodha haifunguliwi kila mwaka.

Mama apeleke malalamiko kwa maandishi kwa mtendaji wa kijiji, abaki na nakala (wengi husahau hili). Wakikaa kimya, amwone mratibu wa TASAF halmashauri. Akiingia, wajukuu wanaosoma wahudhurie angalau asilimia 80 ya siku za masomo, na walio chini ya miaka 5 wapelekwe kliniki; wakikosa, ruzuku hukatwa. Akilipwa kwa simu, laini iwe na jina lake mwenyewe, lile lile la kitambulisho.

Mkopo wa halmashauri unaotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani (4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu) hauna riba, lakini hurejeshwa, na wanawake huupata kwa vikundi. Bibi asiye na biashara msimsukumie huko.